Nakuru: Ziwa Limepanda, Heroe Wamehama

Kalenda za ukutani zilituzoesha Nakuru ya aina moja: ziwa lenye ukingo wa rangi ya waridi, heroe maelfu kwa maelfu wamebanana majini. Mtanzania anayevuka mpaka wa Namanga akiifuata picha hiyo huenda akarudi amenuna. Ziwa lipo, tena limekua. Ndege ndio wamepungua, na mwenyeji ukimwuliza hakufichi.

Sababu yenyewe si ya siri. Heroe mdogo hula mwani wa hadubini unaostawi kwenye maji yenye magadi makali. Tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa nchini Kenya yamekuwa yakipanda, na Ziwa Nakuru, lililokuwa na kilomita za mraba zipatazo 40, likapita 60. Magadi yakazimuliwa, mwani ukapungua, heroe wakatafuta kwingine. Lango kuu la zamani la hifadhi likamezwa na maji. Migunga iliyowapa nyani kivuli imebaki magogo makavu yaliyosimama ziwani, na upande wa mjini, katika mtaa wa Mwariki, kuna watu waliofungasha vyombo wakayaachia maji nyumba zao. Inafaa pia tukumbushane kwamba heroe hao kwa kuzaliwa ni wa kwetu: sehemu kubwa sana ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki huanguliwa Ziwa Natron, upande wa Tanzania, kisha ndipo husambaa maziwani kutafuta riziki.

Hata hivyo hifadhi haijawa tupu. Ina kilomita za mraba 188 tu, nayo imezungushiwa uzio, jambo ambalo aliyezoea upana wa Serengeti atalionea ajabu. Uzio huo ndio uliowaokoa vifaru. Mahali hapa pamekuwa hifadhi yao maalumu tangu 1987, na kuwaona wale weusi na weupe kwa siku moja si muujiza. Wapo twiga wa Rothschild, ambao miguu yao kuanzia magotini kwenda chini haina mabaka, na mwari wangali wanavua. Panda mpaka Baboon Cliff uangalie kaskazini: nyuma ya nyati yanaonekana maghorofa ya jiji.

Jiji hilo lilianza kama kituo cha reli iliyofika hapa mwaka 1900, na Desemba 2021 likatawazwa kuwa jiji la nne la Kenya, baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, Waluhya, Wakisii na Wahindi wote wana mizizi hapa, kwa hiyo Kiswahili ndicho kiungo. Ni Kiswahili cha mwendo wa haraka, kimechanganywa na Sheng, nacho hakina muda wa salamu ndefu. Mwamkie mzee wa sokoni “shikamoo” naye atacheka kwa furaha, kisha atajua mara moja umetoka wapi.

Sasa nifike ninapopapenda kuliko hifadhi. Kando ya barabara ya Nairobi, kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji, kuna kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, kilichopewa jina la pimbi. Mary Leakey alichimba hapa mwaka 1937 na 1938, na makumbusho madogo yalifunguliwa 1965. Wageni wengi hupita wakiwa na haraka ya kuwaona vifaru. Wanapitwa. Pana makaburi ya wafugaji wa zama za mawe, na mashimo mapana ambamo watu wanaoitwa Wasirikwa walilaza mifugo yao. Kisha, juu ya mwamba, kuna mabao. Ndiyo, bao la kete: safu za vishimo vilivyochongwa jiweni, vimelainika kwa vidole vya wachezaji ambao hakuna awajuaye. Mzee wa Zanzibar angechuchumaa pale pale akaomba kete.

Kilima hicho hicho kina habari nyingine. Miaka elfu kadhaa iliyopita maji yalifika mpaka ubavuni mwake, Nakuru na Elmenteita zikiwa ziwa moja kubwa. Alama za ufuo huo wa kale bado zinasomeka. Anayeshangaa kwamba ziwa linadai mitaa ya Mwariki angeanzia hapa.

Kaskazini ya jiji kuna Menengai, kasoko yenye upana wa kilomita kama 12, iliyojaa lava nyeusi iliyoganda. Isifananishwe na Ngorongoro, kwani humu hakuna makundi ya nyumbu. Kuna moshi. Tangu 2011 mitambo imekuwa ikitoboa ardhi kutafuta mvuke wa kuzalisha umeme, huku waumini wakishuka mapangoni kufunga na kusali. Wazee husimulia kwamba katika vita vya karne ya 19 Wamaasai wa Ilpurko waliwasukumia humu ndugu zao wa Laikipia.

Naivasha nitaipita upesi kwa kuwa imeandikwa mno. Ukiwa na siku moja tu, kodi baiskeli uingie Hell's Gate, moja ya hifadhi chache za Kenya ambamo mtu huruhusiwa kuendesha katikati ya pundamilia. Wingu likijikusanya milimani, usishuke katika korongo lake, kwa sababu mafuriko ya ghafla yamewahi kuua watu humo. Nalo Kasri la Lord Egerton huko Njoro, lililoanza kujengwa 1938 na kumalizika 1954, husifiwa kwa kisa cha mapenzi yaliyokataliwa. Kwangu lilikuwa nyumba kubwa ya mtu mpweke, basi.

Waliosafiri kwa ajili ya heroe waendelee kaskazini kwa barabara ya Marigat, wauvuke mstari wa Ikweta pale Mogotio, waende Ziwa Bogoria. Ziwa hili nalo limepanda na kufunika baadhi ya chemchemi zake, lakini zilizobaki zinarusha maji yanayotokota, na wageni huja na mayai mabichi wakala ya kuchemka. Nenda asubuhi kabla jua halijakaza, na usikaribie ukingo, maana udongo wake ni laini na maji huunguza. Heroe wakiwa wamekuja, ukingo mzima huwa waridi. Wenyeji wa hapa ni Waendorois, waliotolewa katika ardhi hii miaka ya 1970 ili pawe hifadhi ya wanyama. Walishtaki, na uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu uliotangazwa Februari 2010 ukawapa haki. Wamekuwa wakingoja utekelezaji wake kwa zaidi ya miaka kumi.