Meshi za ruta na rulma zake: tuzitunze namna gani?

Ndugu wanamemba, juu ya nini tunaandika habari ya vyuma vya menuizeri katika gazeti la wakulima? Ni sababu mikaratusi, grevilea na sipresi ambazo wengi wenu mulipanda kwenye vilima vya Kirotshe sasa zinapasuliwa mbao, na koperative zingine zimenunua ruta (kwa Kifaransa defonsezi) ili kuuza meza na mizinga ya nyuki badala ya miti mizima. Mashine yenyewe inadumu. Kinachokufa haraka ni meshi inayokata, na ile rulma ndogo iliyo kwenye ncha yake.

Rulma inaegemea ukingo wa mbao na kuongoza meshi. Meshi inaweza kuzunguka zaidi ya mara 20.000 kwa dakika, lakini rulma nzima inatembea polepole tu, kwa mwendo wa mkono wa fundi. Ikikwama, inazunguka pamoja na meshi na kusugua mbao mpaka iungue. Katika atelie moja tulikuta mbao za meza sita zina mstari mweusi kando yote. Fundi alidhani meshi imekuwa butu, akainoa. Mstari ukabaki. Kumbe kila jioni alikuwa analoweka meshi pamoja na rulma yake ndani ya esansi ili kutoa utomvu, na esansi ilikuwa imeondoa grisi yote ndani ya rulma. Mnunuzi alizikataa meza zile. Ilibidi kupiga randa upya, na vipimo vikaharibika.

Kwa hiyo, chomoa waya wa umeme, toa meshi, kisha ondoa rulma kwanza. Inashikwa na visi ndogo ya ufunguo wa pembe sita. Weka visi na rondela ndani ya kifuniko cha chupa, maana zikianguka kwenye vumbi la mbao hamutaziona tena. Meshi peke yake iloweke robo saa ndani ya maji moto yenye sabuni, isugue na mswaki wa zamani (siyo kisu!), ikaushe vizuri na kuipakaa mafuta kidogo ya mashine juu ya kutu. Rulma ifute na kitambaa kikavu, halafu izungushe na kidole. Ikienda laini, irudishe. Ukisikia kama kuna mchanga ndani, nunua ingine. Mafuta ya mawese hayataiponyesha. Yanaganda na kukamata vumbi.

Unapoenda kununua rulma Goma, beba ile ya zamani. Tundu la ndani liwe sawasawa, na upana wa nje pia: tofauti ya milimita 1 kwa upana inasogeza mkato nusu milimita, na kwenye maungio ya mzinga hiyo inaonekana.

Kunoa kunafanywa kwenye uso bapa wa ndani tu, kwa tupa ya almasi, idadi ileile ya mipigo kwa kila upande. Ukinoa mgongo wa nje, meshi inakuwa nyembamba kuliko rulma yake na haifiki tena kwenye mstari. Na musivute mbao chini kabla ya kuzikata. Mchanga wetu huu wa volkano unaingia katika nyufa na kula makali kuliko mti wenyewe. Piga brosi kwanza.

Jambo la mwisho ni la hatari. Sokoni kuna meshi zenye mkia wa milimita 6 na zingine za robo inchi, ndiyo kusema milimita 6,35. Kwa macho zinafanana. Ile ya 6 ukiiweka kwenye mdomo wa robo inchi, unaweza kukaza mpaka mkono uume na bado haitashika sawasawa. Inaweza kuchomoka mashine ikiwa kwenye mwendo. Pimeni mkia kwa kalipa kabla ya kulipa.