Diski Iliyofungwa na Neno Lililosahauliwa



Siku hizi majina ya waliobatizwa na hesabu za sadaka hutunzwa katika kompyuta, hata huku kwetu Sosiot penye mashamba ya chai. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 2019 yataka habari za watu zilindwe. Kwa hiyo viongozi wengine huweka kumbukumbu hizo katika diski ya kuchomekwa, wakaifunga kwa neno la siri. Je, neno hilo likisahauliwa?

Tufahamu kwanza kwamba kufuli hili si la mlango tu. Maandishi yenyewe yamevurugwa kwa ufunguo wa namba, na funguo zinazowezekana ni nyingi mno. Hakuna fundi, awe wa Kericho au wa Nairobi, awezaye kuzijaribu zote.

Basi, msikimbilie kufuta. Utafuteni ufunguo wa akiba. Kwa diski iliyofungwa kwa BitLocker ya Windows, huo ni tarakimu 48 zilizochapwa au kuhifadhiwa siku ya kufunga. Ulizeni pia kama kuna nakala nyingine, au daftari la zamani kabatini. Visipopatikana, maandishi hayo yamepotea.

Lakini diski haijapotea! Kusoma kwahitaji neno la siri. Kuandika upya, kwa diski nyingi, hakuhitaji. Chomoeni diski nyingine za kuchomekwa, msije mkafuta isiyohusika, kisha iamuruni kompyuta iifomati. Itakuwa tupu, tayari kwa kazi. Safari hii ufunguo wa akiba uandikwe, utiwe katika bahasha, na watu wawili waaminifu wajue ulipo.

Katika sura ya 18, nabii Yeremia aliona mfinyanzi akikifinyanga upya chombo kilichoharibika mkononi mwake. Udongo haukutupwa. Nasi tusimtupe ndugu aliyejifunga moyo kwa uchungu wa miaka mingi, hata yeye mwenyewe hajui tena aufungueje. Kompyuta ikifuta, hufuta mema pamoja na mabaya. Mungu hafanyi hivyo: huyafuta makosa, naye mtu humhifadhi. Tena Yeye hahitaji neno la siri, maana anaijua mioyo yetu.

Bwana awabariki. Amina.