Kwenda Lamu kwa Tanga, na Kurudi

Watu wa Nyali huziona mara nyingi mashua nyeupe zenye matanga marefu ya pembe tatu, zikitoka katika mkono wa bahari upitao baina ya bara na kisiwa cha Mombasa, zikapita mlango wa mwamba na kugeuza omo kuelekea kaskazini. Mashua hizo huitwa yoti. Hazichukui boriti, wala chokaa, wala abiria wa nauli. Wenyewe huenda kutembea tu na kuvua samaki katika visiwa vya Lamu, kisha hurudi kazini. Kwa mtu aliyezaliwa Kizingitini, ambaye bahari ndiyo shamba lake, habari hii ya kwenda baharini ili kupumzika huenda ikamchekesha. Lakini upepo ni ule ule kwa wote wawili, na yafaa ieleweke jinsi safari hii inavyopangwa, maana ugumu wake hauko katika kwenda.

Toka Nyali hata Lamu ni kadiri ya kilomita 240. Yoti ya kiasi, ikipata upepo mwema, huenda kilomita 9 hivi kwa saa; basi ni mwendo wa mchana na usiku na saa kadhaa juu yake, kama haikutua. Wengi hupenda kutua Kilifi, ambako maji yametulia, na tena Malindi. Kupita hapo huanza Ghuba ya Ungwana, ambamo mto Tana humwaga maji yake karibu na Kipini, na katika pwani ile ndefu ya mchanga hakuna kimbilio jema mpaka Lamu yenyewe.

Kila msomaji wa pwani ajua kwamba Kusi huvuma toka Aprili hata Oktoba, na hushika sana Juni na Julai; na Kaskazi huvuma toka Desemba hata Machi. Jambo lisilojulikana na wengi ni mkondo wa maji. Mbele ya pwani ya Kenya uko mkondo mkubwa uendao kaskazini. Wakati wa Kusi upepo na mkondo husaidiana, na chombo hufika Lamu upesi ajabu. Lakini mwenye chombo hicho akitaka kurudi, vyote viwili humkabili. Itambidi abishe, yaani aende mshazari huku na huku, na mkondo ukiwa na kasi ya kilomita 5 kwa saa au zaidi, atabisha toka alfajiri hata magharibi, na minazi aliyoiona asubuhi bado ataiona pale pale.

Wakati wa Kaskazi mambo hugeuka. Mkondo ule hupungua nguvu, na katika bahari ya Malindi na Lamu hukutana na mkondo mwingine ushukao toka Somalia. Yote miwili hupinda kwenda nje, bahari kuu. Hapo maji ya chini, yaliyo baridi na yenye chakula tele cha viumbe vidogo, huinuka juu. Dagaa hufuata chakula hicho, na nguru, jodari na sulisuli hufuata dagaa. Ndiyo sababu wavuvi wa starehe huipenda Kaskazi, ingawa kwenda ni kazi, kwa kuwa upepo huja usoni, na unapopambana na mkondo huleta mawimbi mafupi yaliyosimama, yenye kuchosha watu na kukata kamba.

Wazee wa bahari walikwisha kulifumbua fumbo hili zamani. Baina ya pepo hizi mbili, kadiri ya Oktoba na Novemba, yako majira waliyoyaita tangambili, kwa sababu chombo huweza kwenda na kurudi. Upepo ni mwanana, bahari ni shwari, na samaki wakubwa wameanza kuja. Mwenye siku 7 au 8 tu za mapumziko hana majira mengine yaliyo bora kuliko haya.

Uvuvi wenyewe hufanywa kwa kurambaza: mishipi miwili au zaidi huburutwa nyuma ya mashua inayokwenda. Nguru na jodari huliwa. Sulisuli wengi hutiwa alama na kuachiliwa. Mishipi yote haina budi kupandishwa chomboni katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, kwani humo hairuhusiwi kuvua.

Katika visiwa vyenyewe, mwenye amri ni maji kujaa na kupwa. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, ndiyo bamvua, maji hupanda zaidi ya mita 3. Hujaa kadiri ya saa kumi na kupwa kadiri ya saa nne, na kila siku huchelewa karibu dakika 50. Mji wa Pate haufikiwi kwa chombo ila maji yakijaa. Yakiwa yamepwa, wasafiri hushuka Mtangawanda na kwenda kwa miguu. Nahodha mgeni asiyeuliza hulala juu ya fungu, chombo kimeinama ubavu.

Tena kuna jambo la usalama. Mwaka 2011 wageni walivamiwa na kutekwa nyara Kiwayu na Manda, na baadaye serikali ilikataza uvuvi wa usiku katika Lamu kwa muda mrefu, jambo lililowaumiza wavuvi wenyeji kuliko watalii. Kwa hiyo mwenye yoti huwauliza wakuu wa Lamu kwanza kabla ya kupita Pate kwenda Kiwayu.

Hatari kubwa iliyosalia ni ya kalenda. Mtu anatakiwa ofisini Jumatatu, na Ijumaa Kusi ya mwisho imerudi kwa nguvu. Akiingia Ungwana kwa haraka, anaingia mahali pasipo kimbilio, pamoja na watu wake waliochoka. Wajuzi huchukua maji ya kunywa na chakula cha siku 3 zaidi, na upepo ukikataa, huiacha yoti nangani Lamu chini ya mlinzi, wakapanda basi kurudi Mombasa. Huja kuichukua Desemba, Kaskazi ikishika.