MANENO YA KAZI NA MANENO YA HATIA KATIKA KIINGEREZA

Mwanafunzi aanzaye kusoma Kiingereza hudhani kwamba kila neno la Kiswahili lina mwenzake mmoja katika Kiingereza, na akiisha kuyajua yote mawili amemaliza kazi. Sivyo. Maneno hayaendi mawili mawili kama ng'ombe wa jembe. Mara nyingi neno moja la Kiswahili lina wenzake watatu au wanne katika Kiingereza, na kila moja lina mahali pake. Mtu akikosea majina ya matunda huchekwa tu. Bali akikosea maneno ya kazi aweza kupoteza mshahara wake, na akikosea maneno ya hatia aweza kuharibu jina la jirani yake. Kwa hiyo yafaa maneno ya namna hizi mbili yachunguzwe polepole.

MANENO YA KAZI

Neno la kwanza ni "kazi" lenyewe. Kiingereza kina "work" na "job". "Work" ni kazi kwa jumla, nayo haihesabiki, kama vile maji yasivyohesabika. "Job" ni kazi ambayo mtu ameipata ili alipwe, nayo huhesabika: moja, mbili, tatu. Mwanamke alimaye shamba lake tangu alfajiri hata adhuhuri ana "work" nyingi, walakini hana "job", kwa kuwa hakuajiriwa na mtu. Basi mwanafunzi atakaye kusema kwamba ndugu yake amepata kazi mjini asiseme "a work", bali na aseme "a job".

Neno la pili ni mwajiri. Kwa Kiingereza mwajiri ni "employer", na mwajiriwa ni "employee". Kiswahili hutofautisha watu hawa kwa silabi moja ya mwisho, na Kiingereza hutofautisha kwa herufi moja. Lakini herufi hiyo ina nguvu. Ikiwa mkataba wasema kwamba "employer" atalipa nauli ya safari, basi tajiri ndiye alipaye. Ikiwa wasema "employee", nauli itatoka mfukoni mwa mfanyakazi. Mtu atiaye sahihi bila kuitazama herufi ile ya mwisho aweza kujitwika mzigo usio wake.

Tena kuna malipo. Fedha zilipwazo kwa saa, kwa siku au kwa juma, hasa kwa kazi ya mikono, huitwa "wages". Fedha zilipwazo kwa mwezi, kama za mwalimu au karani, huitwa "salary". Neno "salary" latoka katika neno la Kilatini "salarium", nalo lina asili moja na neno la chumvi katika lugha hiyo. Kiswahili nacho kina habari yake. "Mshahara" latoka katika Kiarabu, katika neno lenye maana ya mwezi, kwa hiyo mshahara hasa ni malipo ya mwezi. "Kibarua" ni barua ndogo. Zamani mtu wa kazi ya siku alipewa kikaratasi cha kuonyesha kwamba amefanya kazi, ili apate kulipwa. Baadaye jina la kikaratasi likawa jina la kazi, na la mtu mwenyewe pia.

Maneno mengine mawili ya mkataba yamewatega wengi. "Advance" ni fedha zitolewazo kabla ya siku ya malipo. Si zawadi, zitakatwa katika mshahara ujao. "Notice" darasani ni tangazo lililobandikwa ubaoni, lakini katika mkataba ni taarifa ambayo mtu hupaswa kuitoa kabla ya kuacha kazi, au kupewa kabla ya kuachishwa. Mkataba usemao "one month's notice" wataka taarifa ya mwezi mmoja. Mtu aondokaye ghafula, akidhani ni tangazo tu, aweza kudaiwa.

KARANI ALIYEOKOKA KWA KUSOMA

Kuna neno moja la Kiingereza ambalo lina mguu mmoja katika kazi na mguu wa pili katika hatia, nalo ni "clerk", yaani karani. Latoka katika neno la Kilatini "clericus", maana yake mtu wa daraja za kanisa. Zamani huko Ulaya watu wa kanisa ndio hasa waliojua kusoma na kuandika, basi kila mwandishi akaitwa kwa jina lao.

Katika Uingereza ya zamani watu wa kanisa hawakuhukumiwa na mabaraza ya mfalme kama watu wengine. Baadaye ikawa mtu ye yote ajuaye kusoma ahesabiwe kuwa kama mmoja wao. Aliyeonekana na hatia ya kunyongwa, katika makosa mengi, aliweza kupewa kitabu asome, na kwa desturi aya ilikuwa ya Zaburi ya 51. Akisoma vema, hakunyongwa. Wasiojua kusoma waliikariri aya ile kwa moyo, wakitumaini kwamba siku ya taabu watatazama kitabu na kuitamka.

Mwaka 1598 mwandishi wa michezo ya kuigiza, Ben Jonson, alimwua mwigizaji Gabriel Spencer katika mapigano ya watu wawili. Alikubali kosa lake, akasoma, akaokoka kitanzi. Walakini alitiwa chapa ya moto katika kidole gumba, ili ajulikane kwamba amekwisha kupata fadhili hiyo, asiipate mara ya pili. Desturi hii iliondolewa kwa sheria ya Bunge la Uingereza mwaka 1827, lakini neno "clerk" lingaliko, nalo leo lina maana ya karani tu.

MANENO YA HATIA

Katika Kiingereza wezi hawaitwi wote kwa jina moja. "Thief" ni mwizi, mtu achukuaye mali ya mwingine bila haki ili asiirudishe. Na tendo lake ni "theft". "Robber" ni mnyang'anyi, mtu atumiaye nguvu au vitisho ili aibe. Na tendo lake ni "robbery". "Burglar" ni mtu aingiaye katika nyumba ya watu bila ruhusa ili aibe. Majina haya si mapambo ya lugha. Katika Uingereza, chini ya sheria ya wizi ya mwaka 1968, kifungo kirefu kabisa cha "theft" ni miaka 7, lakini "robbery" yaweza kumleta mtu katika kifungo cha maisha. Basi amwitaye mwizi wa kuku "robber" amemwongezea kosa ambalo hakulitenda.

Neno "burglary" lina jambo jingine la kuangaliwa. Katika sheria ya kale ya Uingereza lilikuwa kosa la usiku tu, kwa maana watu waliolala hawawezi kujilinda. Sheria ya 1968 iliondoa sharti hilo huko Uingereza. Lakini sheria za Kenya na Tanzania, zilizoandikwa kwa kufuata mfano wa zamani, zimelishika. Kuvunja nyumba mchana huitwa "housebreaking", na kuvunja usiku huitwa "burglary", nalo lina adhabu kubwa zaidi.

Tena vitendo vya maneno haya hutumika kwa njia mbili, na hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Mtu "steals" kitu, lakini "robs" mtu. Fedha huwa "stolen". Mwenye fedha huwa "robbed". Mwanafunzi wa Kiswahili hana haja ya kushangaa, kwa kuwa lugha yake hufanya hivyo hivyo. Husema, "Mwizi aliiba saa," lakini, "Mwizi alimwibia mzee saa." Hawezi kusema, "Mwizi alimwiba mzee," isipokuwa mzee mwenyewe amechukuliwa! Akikumbuka tofauti ya kuiba na kuibia, hatasema kwa Kiingereza kwamba saa ilikuwa "robbed".

NJIA YA BARAZANI

Maneno yaliyo mazito kupita yote ni yale yaelezayo hali ya mtu toka siku anapodhaniwa hata siku ya hukumu. Mfano wake ni huu. Juma ni karani wa duka. Asubuhi moja fedha zimepotea katika sanduku. Tajiri amdhania Juma kwa sababu yeye alikuwa na ufunguo. Sasa Juma ni "suspect", yaani mtu anayeshukiwa. Polisi waja kumkamata; amekuwa "arrested". Apelekwa barazani, asomewa mashtaka. Amekuwa "charged", naye aitwa "the accused", yaani mshtakiwa. Akitolewa kwa dhamana, yuko nje kwa "bail". Mashahidi, ambao huitwa "witnesses", waleta ushahidi, ambao ni "evidence". Mwisho hakimu atamka moja ya mambo mawili. Ama Juma ni "guilty", yaani ana hatia, na hapo amekuwa "convicted"; ama ni "not guilty", naye amekuwa "acquitted", yaani ameachiliwa bila hatia.

Na ifikiriwe sasa kwamba jirani wa Juma, aliyesoma Kiingereza kidogo, aona gazeti limeandika kwamba Juma ni "accused of theft". Arudi kijijini, awaambia watu, "Gazeti lasema Juma ameiba." Gazeti halikusema hivyo. Lilisema kwamba ameshtakiwa. Baada ya mwezi fedha zaonekana zimeanguka nyuma ya sanduku, na Juma aachiliwa. Lakini mama yake amekwisha kutengwa kisimani, na wazazi wa mchumba wamerudisha posa. Baraza lilimwachilia, ila neno moja lililofasiriwa vibaya lilikuwa limekwisha kumhukumu.

Ndiyo maana sheria yenyewe yalinda tofauti hii. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 13, yakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike kuwa anayo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, yasema vivyo hivyo, tena yampa mshtakiwa asiyeifahamu lugha ya baraza haki ya kupata mkalimani bila kulipa. Waliotunga sheria walijua kwamba mtu asiyeelewa maneno hawezi kujitetea.

MANENO YENYE NYUSO MBILI

Yako maneno ambayo mwanafunzi huyajua darasani kwa uso mmoja, akashangaa kuyakuta barazani kwa uso mwingine. "Sentence" darasani ni sentensi, yenye mwanzo wake na nukta yake. Barazani ni adhabu aliyokatiwa mtu. "Fine" nyumbani ni nzuri au njema. Barazani ni faini. Maneno haya mawili ya "fine" yana mzizi mmoja wa Kilatini wenye maana ya mwisho: faini ilikuwa malipo ya kumaliza shauri. "Strike" ni kupiga, lakini kazini ni mgomo. Mwaka 1768 mabaharia wa London waliteremsha matanga ya merikebu zao, tendo ambalo kwa lugha ya bahari huitwa "strike", ili merikebu zisisafiri mpaka walipwe vizuri. Tangu hapo neno likashika maana ya kugoma.

Hata maneno ya Kiswahili yamesafiri. "Polisi", "korti", "faini" na "jela" yametoka katika Kiingereza. "Gereza" latoka katika neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1593, ambayo ndani yake mlikuwa na kanisa, ilitumiwa kuwa kifungo tangu 1895 hata 1958. Hivyo neno lililokuwa la nyumba ya sala limekuwa la nyumba ya wafungwa.

Mwaka 2021 Tanzania ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mabaraza yake, na watu wengi sasa husikia mashauri yao katika lugha waijuayo. Hata hivyo vitabu vingi vya sheria na mikataba mingi ya kazi ingali katika Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi aulizapo maana ya neno asione haya. Asiulize tu, "Neno hili ni nini kwa Kiswahili?" bali aulize pia, "Lina tofauti gani na jirani yake?" Wahenga walisema, kuuliza si ujinga. Na mtu atakayewasomea wengine barua, mkataba au gazeti na akumbuke kwamba riziki na jina la mtu vimo kinywani mwake.

MASWALI

1. Eleza tofauti ya "work" na "job".
2. Kwa nini mfanyakazi aangalie sana herufi ya mwisho ya "employer" na "employee"?
3. Ben Jonson aliokokaje kitanzi, na kwa nini alitiwa chapa?
4. Tunga sentensi mbili za Kiswahili zionyeshazo tofauti ya "steal" na "rob".
5. Jirani wa Juma alikosea neno gani, na kosa lake lilileta hasara gani?