Mashine ya Polishi Haina Mshikaji

Umemaliza mtihani wa Fomu Foo, unasubiri matokeo, na pale kijiweni wanasema kuna gereji inatafuta kijana wa kupiga polishi magari. Mshiko wa kila siku! Iwe Tandika au Tegeta, kabla hujaitikia "poa", soma hapa kwanza.

Hatari kubwa kuliko zote ni umeme. Umeme wetu ni volti 230, na gereji nyingi panapooshwa magari ndipo hapo hapo panapopigwa polishi. Sasa fikiria: sakafu imelowa, una ndala zilizolowa, waya umeungwaungwa kwa selotepu. Ngozi kavu huuzuia umeme kiasi. Ngozi yenye maji na jasho huupitisha kirahisi mpaka ardhini, na njiani kuna moyo wako. Hamia pakavu, vaa viatu vya soli ya mpira, waya upitishe begani usiburuzike chini. Waya uliochubuka ukatae, hata bosi akinuna.

Mwenzako akinaswa, usimshike! Zima swichi. Kama haifikiki, mtenganishe na waya kwa kipande cha mbao kikavu, kisha mkimbizeni Hospitali ya Temeke au Mwananyamala, iliyo karibu. Hata akisema yuko fiti. Mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika bila yeye kujua.

Halafu kuna huu mtindo wa kufunga pedi ya polishi kwenye grinda. Jamani! Grinda ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, wakati mashine ya polishi kwa kawaida haizidi 3,000 hivi. Pedi ikichanika kwa kasi ile, vipande vinakuja usoni. Na rangi ya gari ni nyembamba, karibu na unene wa unywele tu. Ukiiunguza, utamlipa nini mwenye gari?

Pedi iguse bodi ndipo uwashe, anza taratibu, usiganda sehemu moja. Kwenye kingo, maliza kwa mkono. Unabadili pedi? Chomoa plagi kabisa. Nywele ndefu funga, cheni vua, miwani ya kukinga macho vaa.

Ila kama hujafika miaka 18, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kukupa kazi ya hatari. Osha magari, futa vioo, mashine waachie wakubwa. Anayeutaka ufundi wa magari wenyewe, aulize VETA Chang'ombe, pale pale Temeke.