Siku ya bandari Lamu: Njema, ila...

ANAYEULIZWA habari za siku kwa kawaida hujibu, "Njema," hata kama siku yenyewe ilikuwa na mazito. Jibu hilo ni adabu ya kufungua mazungumzo, wala si hukumu ya siku nzima. Yaliyomsibu huyataja baadaye, akianza na neno "ila".

Wakazi wa Lamu wanaufahamu uzito wa neno hilo. Mei 20, 2021, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alifungua gati la kwanza la bandari mpya iliyojengwa Kililana, na meli kubwa zikatia nanga. Kwa serikali, ilikuwa siku ya kufunguliwa mlango mpya wa biashara na Ethiopia na Sudan Kusini.

Kwa wavuvi, siku hiyo ilikuwa na "ila" yake. Kazi ya kuchimba bahari ili kuongeza kina iliharibu sehemu walizozoea kuvua, na vyombo vyao vidogo haviwezi kustahimili bahari kuu. Mwaka wa 2018, Mahakama Kuu mjini Malindi iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya Sh1.76 bilioni. Bandari ilipofunguliwa, miaka mitatu baadaye, walikuwa wangali wanaisubiri.

Aliyesema siku ile ilikuwa njema hakusema uongo, na aliyenung'unika alikuwa na haki yake. Kosa ni la msikilizaji anayeondoka baada ya "njema", bila kungoja "ila".