Mtunga Nyimbo Anapokaukiwa

Katika kazi zote za sanaa sijui iliyo na wahaka mkubwa kuliko ile ya mtu ambaye juzi alikuwa akitunga beti baada ya beti pasipo kuinua kalamu, na leo ameketi tangu alfajiri asipate hata mshororo mmoja wa kuanzia. Si mgonjwa, lugha yake hajaisahau, na lahani zamlia kichwani kama siku zote. Ila kila neno alishikalo laonekana limekwisha kusemwa, na kila kina akitafutacho humrejesha katika kina kile kile alichokitumia katika wimbo uliotangulia. Hali hii huwapata watungaji wa taarabu, wa dansi, wa kaswida na wa muziki wa vijana wa siku hizi pasipo kubagua, na aghalabu humwelemea zaidi mwenye sifa kuliko anayeanza, kwa sababu anayeanza hana jina la kulinda, ilhali mwenye sifa kila akiandika neno husikia makofi ya wimbo wake wa zamani, akaingiwa na hofu kwamba huu mpya hautayafikia.

Wengi huamini kwamba ilhamu hushuka na kuondoka kwa hiari yake, kwa hiyo aliyekaukiwa hana la kufanya ila kungoja. Imani hii ina sehemu ya ukweli, lakini sehemu hiyo ni ndogo. Mwaka 1926 mwanachuoni wa Kiingereza, Graham Wallas, alichapisha kitabu juu ya namna fikira mpya zinavyozaliwa, akaigawa kazi hiyo katika hatua nne: kukusanya, kuliacha jambo likae moyoni bila kulishughulikia, kupata mwangaza wa ghafula, na mwisho kulipima lile lililopatikana. Hatua ya pili ndiyo inayofanana na ukame, maana kwa nje mtu haonekani akitenda kitu, na anayeielewa hawezi kujilaumu kwa siku chache za ukimya. Walakini hatua hiyo haiji ila baada ya ile ya kwanza. Asiyekusanya kitu hana cha kukiacha kikae, na kungoja kwake, hata kukiwa kwa miaka, hakutazaa wimbo. Nami naamini kwamba watungaji wengi waliokaukiwa hawakupungukiwa na kipaji hata kidogo, bali waliacha kusikiliza watu, wakabaki kujisikiliza wao wenyewe.

Tazama habari ya Siti binti Saad, ambaye kabla ya kuwa mwimbaji alikuwa mfinyanzi, akitoka shamba, kijiji cha Fumba, kuja kuuza vyungu mjini Unguja. Elimu ya vitabu hakuipata, wala hakuwa na faragha ya mtu wa kalamu. Alipokwisha kuhamia mjini, yeye na wenzake, akina Subeti Ambar, Buda Swedi, Maalim Shaaban na Mbaruk Talsam, walikuwa wakikutana jioni, na katika mikutano hiyo habari za mtaani zilifika kabla ya ala kukazwa nyuzi: nani kaachwa, nani kadhulumiwa, hakimu kahukumu nini, tajiri gani kamla nani haki yake. Katika nyimbo zao mashuhuri umo ule wa Kijiti, unaosimulia mauaji ya mwanamke mgeni ambaye mwuaji wake alitorokea bara na adhabu ikawaangukia wengine. Habari ile ilikuwa midomoni mwa watu wa mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja, ikiwauma, na waimbaji waliichukua wakaipa mizani. Walipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia sauti zao katika sahani za santuri kwa Kiswahili, walikwenda na akiba ya nyimbo zilizookotwa mlangoni, sokoni na mahakamani. Sidhani mtu aliyeishi namna ile angeweza kukosa la kusema kwa muda mrefu, maana mji haunyamazi.

Kuna na jambo la pili ambalo wazee wa pwani walilijua vyema, nalo ni kwamba wimbo, hususa wimbo wa Kiswahili, umezoea kuwa jawabu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye tungo zake ziliwafikia wasomaji wa sasa kwa kuhifadhiwa na Mwalimu Sikujua pamoja na W. E. Taylor, na baadaye kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940, alitunga nyingi kati ya hizo akimjibu mtu: washairi wa Lamu katika siku za ugomvi wa miji miwili ile, rafiki aliyemtupa, mpenzi aliyemkejeli. Hali kadhalika vyama vya taarabu vilikwenda viwili viwili, kila kimoja na mshindani wake. Tanga walikuwapo Black Star na Lucky Star, na kila upande ukitoa wimbo, upande wa pili ulikuwa na wajibu mbele ya wapenzi wake wa kuujibu. Sikatai kwamba ushindani huo mara nyingine ulivuka mpaka wa adabu, ukaleta matusi na kuwatenga majirani, na mimi siupendi mpasho unaomwaga siri ya mtu asiyeweza kujitetea. Lakini mtungaji aliyechokozwa hajiulizi maneno yatatoka wapi. Madhali ana mtu mbele yake, anayemfahamu, aliyesema neno fulani kwa njia fulani, ulimi wake huwa umekwisha kuanza kazi kabla hajaketi. Kwa hiyo aliyekaukiwa namshauri kwanza atafute wa kumjibu: si lazima awe adui, aweza kuwa mama yake, au mtungaji mwenziwe atakayepelekewa ubeti mmoja leo na kuurudisha kesho na wa kwake chini yake.

Tena liko suala la umbo. Vijana wengi hudhani kwamba sheria za mizani na vina zinawafunga, na kwamba wakiziondoa maneno yatabubujika. Ila mara nyingi mambo huwa kinyume. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipotoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alieleza kanuni ambazo watungaji walizifuata zamani kwa sikio tu: shairi lenye mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane upande huu na nane upande ule, lenye kina chake cha kati na cha mwisho. Aliyepungukiwa na maneno, ukimwambia atunge lolote apendalo, umempa bahari nzima asiyoijua mwanzo wake. Mwambie atunge beti tatu tu za mishororo mitatu mitatu, kama zilivyo nyimbo nyingi za taarabu, kina cha kati kiwe -ni na cha mwisho kiwe -ma, na utaona kwamba akili, badala ya kuuliza niseme nini, yaanza kuuliza ni neno gani liishialo hivi, na katika kulitafuta neno hilo hukutana na maana ambayo haikuikusudia. Lahani nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Mohamed Juma Bhalo wa Mombasa aliimba nyingi katika nyimbo zake kwa lahani za sinema za Kihindi, na maneno ya nyingi kati ya hizo yalitungwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, yule malenga wa Mvita. Sauti ilikuwa imekwisha kuwako, mapumziko yake yakijulikana, na kazi ya mtungaji ikawa kupavika Kiswahili safi mahali palipoachwa wazi. Wapo wanaoidharau njia hii kuwa ni kuazima. Mimi naiona kuwa mazoezi mema kwa mtu aliyekwama, hata kama ule wimbo hatautoa kamwe hadharani.

Pengine msomaji ataniuliza: je, aliyetengwa na watu, asiye na mtaa wala mshindani? Jawabu lake limo katika diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, aliyefungwa miaka mitatu nchini Kenya, tangu 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake wa siasa, akaandika tungo zake gerezani juu ya karatasi za chooni. Katika tungo hizo imo Mnazi: Vuta N'kuvute, ambamo ndugu wawili wanagombea mnazi mmoja, huyu akisema na yule akijibu. Mtu aliyenyimwa wa kuzungumza naye aliwaumba wawili ndani ya chumba chake, akawaacha wajibizane.

Simaanishi kwamba kila ukimya una dawa ya haraka. Aliyefiwa, aliye mgonjwa, aliyelemewa na madeni, asijitwishe na mzigo wa wimbo. Apumzike kama mvuvi wakati wa kusi kali, ambaye haendi maji makuu bali hukaa pwani akizishona nyavu zake, yaani ajifunze lahani mpya, anakili tungo za wazee kwa mkono wake, asome. Ninaowahofia ni wale wanaotaka kuirudisha ilhamu kwa pombe na bangi, maana tumewazika wasanii wengi kwa njia hiyo, na nyimbo zao za mwisho hazikuwa bora kuliko za mwanzo.

Na mtungaji asione haya kutunga kwa kuagizwa. Wenye harusi wanapokuja nyumbani kwake kutaka wimbo, asikimbilie kutaja bei. Awakaribishe, awaulize bibi harusi ni binti wa nani na amelelewa na nani, bwana harusi alimpata vipi, ni shangazi yupi aliyeipinga posa na sasa ndiye aliye mbele katika kupika, ni neno gani watu wa nyumba ile hupenda kulisema wakifurahi. Ayaandike majina yote na kuyasoma kwa sauti, maana majina yana vina: akiwa bibi harusi ni Zuhura na mamaye ni Mayasa, mtungaji amekwisha kuwa na -ra na -sa, na kabla wageni hawajamaliza kahawa yao kibwagizo kimeanza kupatikana.